Akiacha Kutetemeka Mlimani, Usishangilie

Julai imeingia na vikundi vya wapanda milima vimejaa tena Aberdare na Mlima Kenya. Huko juu ni ukungu, manyunyu na upepo kutwa nzima. Nimekusanya hapa maswali ya wanaoteremka kwa miguu yao, na ya wenzao wanaoteremsha mgonjwa.

Hipothemia ni nini?

Ni joto la ndani ya mwili kushuka chini ya nyuzi 35 za Selsiasi. Kawaida huwa karibu 37.

Sisi tuko ikweta. Mtu atapatwaje na hayo bila theluji?

Theluji si lazima. Aliyelowa, akapigwa na upepo, akachoka na hajala, mwili wake hupoa hata kwenye nyuzi 10. Kila mita 1,000 unazopanda, hewa hupoa kwa nyuzi 6 hivi. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari. Ol Donyo Lesatima, kilele kirefu zaidi cha Aberdare, ni mita 4,001. Kwa hiyo Nairobi ikiwa nyuzi 20, kule ni kama 6, na upepo bado hujauhesabu.

Nitamtambuaje anayeanza kuzidiwa?

Anatetemeka. Vidole vinashindwa kufunga zipu. Anajikwaa pasipo na kikwazo, maneno yanakokoteka kama ya mlevi, ananuna, anabaki nyuma kimya. Ukimuuliza atakujibu, "Niko sawa." Usimsikilize. Mwambie afunge zipu ya koti mbele yako, utajionea.

Mwenzetu alitetemeka sana, kisha akatulia. Si amepata nafuu?

Hapana. Hili ndilo linalonichosha kuliko yote. Kijana analetwa nyuma ya pikapu, jinzi imemgandamana mapajani, midomo imebadilika rangi, na wenzake wananiambia kwa furaha, "Daktari, sasa ametulia." Hakutulia, ameishiwa. Kutetemeka ni misuli inavyojitengenezea joto. Mtu ambaye bado amelowa na bado ni baridi akiacha kutetemeka, joto lake la ndani huenda limeshuka hadi nyuzi 32 hivi au chini yake, na nguvu za kujipasha zimekwisha.

Anayeacha kwa heri utamjua: amevaa nguo kavu, amekunywa kitu cha moto, anaongea vizuri na anakuuliza chakula kiko wapi.

Basi tumwache alale nusu saa, akipata nguvu tuendelee?

Hapana! Hiyo nusu saa ndiyo inayoua watu. Akiacha kutetemeka huku amelowa na amezubaa, huo ni wakati wa kuomba msaada, si wa kusubiri.

Na akisema anasikia joto, anataka kuvua koti?

Jibu ni lile lile: hajapona. Baridi ikizidi sana, mishipa ya damu ya ngozi hulegea na ubongo huchanganyikiwa, mtu akahisi anaungua. Mvike, hata akikutukana.

Kidogo cha brandi kinasaidia?

Hapana. Pombe huileta damu kwenye ngozi, joto likatoka nje. Unayehisi moto kifuani ndiye unayepoa. Sijui nani aliwafundisha watu kubeba chupa badala ya koti la mvua.

Tufanye nini pale pale?

Mkingeni upepo. Tandikeni mabegi chini yake, kwa sababu ardhi hunyonya joto. Mkiwa na hema na nguo kavu, mvueni zilizoloa. Mkiwa hamna, msimvue. Mfunikeni mfuko mkubwa wa plastiki wa taka juu ya hizo hizo, na kofia kichwani. Mwenye joto amkumbatie. Kama bado anatetemeka na anameza vizuri, mpeni chai yenye sukari nyingi na biskuti.

Aliyezubaa msimpe kitu mdomoni. Msimtembeze, msimsugue mikono na miguu, msimweke kando ya moto. Mlazeni na mbebeni taratibu, maana moyo uliopoa huvurugika kwa mtikiso mdogo tu. Pigeni simu kwa askari wa hifadhi. Nambari yao iandikeni langoni kabla ya kupanda. Mtandao ukikosekana, wateremke wawili, si mmoja.

Haonekani kupumua. Amekufa?

Usimtangaze wewe. Baridi hufanya mapigo yawe machache na dhaifu sana. Chunguza pumzi na mapigo kwa dakika nzima. Ukikosa vyote, anza kukandamiza kifua. Wapo walioonekana maiti wakafufuka hospitalini baada ya kupashwa joto.

Nivae nini?

Chochote kisicho jinzi. Pamba ikilowa haikauki wala haihifadhi joto. Vaa sufu au nguo za michezo zinazokauka upesi, na koti la mvua juu. Soksi na sweta za akiba zifunge kwenye plastiki.

Tugeuke lini?

Mvua inanyesha na mmoja wenu anatetemeka hata akiwa anatembea? Kundi zima ligeuke hapo hapo. Waliolipia basi na wanaotaka picha ya kileleni watanuna. Wanune.