Mateka mwenye sare ya adui

Filamu za vita zikimleta mateka, kwa kawaida swali huwa auawe au aachwe. Mwongozaji wa Kisovieti Aleksei German aliuliza zaidi ya hapo mwaka 1971, alipoongoza filamu ya Proverka na dorogakh (yaani Jaribio Barabarani) katika studio za Lenfilm, akitumia hadithi ya baba yake, Yuri German. Swali lake ni nani mwenye haki ya kumpima mateka huyo.

Ni majira ya baridi ya 1942, katika ardhi ya Urusi iliyokaliwa na Wajerumani. Lazarev, askari wa Kisovieti aliyetekwa kisha akakubali kuwatumikia Wajerumani, anajisalimisha kwa wapiganaji wa msituni akiwa bado amevaa sare ya Kijerumani. Hatuonyeshwi alivyotekwa wala alivyokubali. Naona uamuzi huo ni sahihi kabisa, kwa sababu mtazamaji analazimika kuamua bila ushahidi, sawasawa na wale waliomshika.

Mkuu wa kikosi, Lokotkov, anataka kumpa nafasi. Rolan Bykov anamwigiza kama mzee wa kijiji aliyechoka, mwenye koti zito na sauti ya chini. Meja Petushkov, aliyefiwa na mwanawe vitani, hataki hata kusikia. Basi Lazarev anatumwa barabarani kuvizia Wajerumani, awapige risasi watu waliovaa kama yeye. Baadaye anafia kwenye bunduki ya rashasha stesheni, akiwalinda wenzake wanaoiba treni ya chakula.

Lakini moyo wa filamu uko darajani. Baruti imeshategwa, treni ya Wajerumani inakuja, na chini ya daraja linapita tishari lililosheheni mateka wa Kisovieti, wamesongamana hadi ukingoni. Petushkov anashinikiza daraja lilipuliwe. Lokotkov anakataa, treni inapita salama. Kamera haina haraka na tishari lile, na ndivyo inavyotakiwa: kila mtu aliye mle ndani yuko pale alipokuwa Lazarev kabla hajavaa sare ya adui. Ukimhukumu Lazarev kwa sababu alitekwa, umewahukumu na hao wote. Wanafunzi wangu wakianza kumjadili Lazarev kwa kifo chake cha kishujaa, huwarudisha hapa.

Petushkov si katili wa kubuni. Amri namba 270 ya Stalin ya Agosti 1941 iliwahesabu makamanda waliojisalimisha kuwa watoro, na familia zao zikamatwe. Hasira yake ni ya baba aliyefiwa, ila hoja zake ni za serikali yake. Ndiyo maana filamu iliwachoma wakubwa. Ilifungiwa kabatini hadi katikati ya miaka ya 1980, wakati wa Gorbachev, na Vladimir Zamansky, aliyemwigiza Lazarev na ambaye mwenyewe alipigana vita ile akiwa kijana, alisubiri miaka yote hiyo kabla watu hawajaiona kazi yake.