Muuguzi akiinamia simu, huenda yuko darasani

Ukifika zahanati ya kijijini ukamkuta muuguzi ameinamia simu, waya wa spika sikioni, usiharakishe kununa. Inawezekana yuko darasani. Mazoea hayo yaliota mizizi wakati wa korona, na mimi ni mmoja wa wakufunzi wa afya huku Nyanda za Juu Kusini tulioyapanda, tena kwa kukosea kwanza.

Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi 2020. Siku mbili baadaye vyuo vikafungwa, vikaja kufunguliwa 1 Juni. Wanafunzi walirudi makwao, lakini mtumishi aliyeko kazini hakuwa na pa kurudi. Alitakiwa kujifunza upesi jinsi ya kuvaa na hasa kuvua vifaa vya kujikinga, na wakati huohuo wajawazito wa Ileje na Makete hawakungoja korona iishe ndipo wajifungue. Kabla ya hapo tungewaita Mbeya mjini, ukumbini, siku tano, posho mkononi. (Posho ilipokosekana wapo waliopoteza hamu ya kusoma, tusifichane.)

Somo langu la kwanza nililitoa kwa video, slaidi sitini. Robo saa iliishia kwenye “mnanisikia?” Mkunga mmoja wa upande wa Makete alikuwa amesimama ukingoni mwa shamba la viazi, blanketi mabegani, maana ndani ya zahanati mtandao haushiki. Kila akifungua maikrofoni tulisikia upepo tu. Bando lake lilikata kabla sijafika slaidi ya kumi na mbili, na alikuwa amelinunua kwa hela yake.

Kosa lilikuwa langu. Saa moja ya video ya watu wengi inaweza kula gigabaiti nzima, wakati sauti tupu kwa muda uleule kwa kawaida haifiki megabaiti 100. Nikaacha video. Nikaanza kurekodi sauti za dakika nane au kumi, nazituma usiku, mtu anasikiliza akiwa na nafasi. Muda wa kukutana moja kwa moja tukauweka kwa kazi moja tu, kujadili mgonjwa.

Hapo ndipo mtandao ulipotuonyesha uzuri wake. Tabibu anaeleza: mama wa mimba ya kwanza, presha 160 kwa 110, kichwa kinamgonga, macho yanaona ukungu. Wenzake wanauliza: mkojo umepimwa protini? Magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege la kifafa cha mimba, ipo? Gari la rufaa liko wapi? Daktari bingwa husikiliza kwanza, akisahihisha anasahihisha mbele ya watu ishirini wenye tatizo lilelile. Mtindo huu haukuzaliwa na korona. Dk. Sanjeev Arora aliuanzisha New Mexico, Marekani, mwaka 2003, ili waganga wa mbali waweze kutibu homa ya ini aina ya C bila kila mgonjwa kusafiri hadi kwa bingwa. Kwetu faida ilikuwa ya ziada: zahanati yenye watumishi wawili haikufungwa eti mmoja kaenda semina.

Mikono, hata hivyo, haifundishiki kwa simu. Chukua mtoto aliyezaliwa halii. Mkunga ana kama dakika moja ya kumkausha, kumsugua mgongo, na akiwa bado hapumui, kuanza kumpulizia hewa kwa mfuko na kinyago, kiasi cha pumzi 40 kwa dakika. Kinyago kikikaa upande, hewa inavuja na kifua hakiinuki. Mtu anaweza kukueleza hatua zote hizi kwa ufasaha kwenye simu na bado kinyago kikamshinda.

Hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, ilitufundisha jambo kuhusu hili. Watumishi walipewa mafunzo ya siku moja. Kwenye doli la mazoezi, lenye umbo la mtoto mchanga, wakafanya vizuri zaidi, lakini ndani ya leba utendaji haukubadilika. Baadaye yakaanzishwa mazoezi mafupi ya mara kwa mara palepale kazini, na vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vikashuka kutoka takriban 11 hadi 7 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa. Kwa hiyo siridhiki na cheti cha mtandaoni peke yake, kiwe kimegongwa mihuri mingapi. Naridhika nikikuta doli liko mezani leba, limejazwa maji, limechakaa kwa kushikwa. Kamati za afya za vijiji zina haki ya kuuliza kama lipo na mara ya mwisho lilitumika lini.

Liko suala linalokuhusu wewe mgonjwa zaidi. Mijadala hii inaishi kwa taarifa za watu. Tunachohitaji ni umri, dalili na vipimo. Jina lako, uso wako na kijiji chako havina kazi humo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Nimewahi kuona picha ya kidonda ikirushwa kundini na kadi ya kliniki ikiwa pembeni, jina linasomeka. Ilifutwa, lakini watu walishaiona. Simu ikielekezwa kwako, uliza picha inakwenda kwa nani na ya nini. Ukikataa, matibabu yako yanaendelea kama kawaida.