Starehe za majini: tunayoyaogopa na yanayotuua

Mwisho wa mwaka ukikaribia, Munyonyo, Ggaba na Entebbe, ukingoni mwa Ziwa Victoria huku kwetu Uganda, hujaa watu wanaotafuta boti ya kwenda visiwani. Wengine, wachache wenye uwezo, huanza kuulizia bei za meli kubwa za kitalii baharini. Kwa wote nasikia hofu na matumaini yaleyale, na mengi yameelekezwa kusiko. Nayaandika hapa kwa sababu kila mwaka kuna familia zinazolia kwa jambo ambalo lingezuilika kabla boti haijaacha gati.

“Bahari ndiyo ya kuogopa, ziwa letu tumelizoea”

Mtu anaweza kukataa katakata kupanda meli kubwa kwa kuikumbuka Titanic, kisha Jumamosi akarukia boti ya mbao ambayo hata mwenye nayo hamjui. Titanic ilizama mwaka 1912, na kilio chake ndicho kilichozaa mkataba wa kimataifa wa usalama baharini, SOLAS, mwaka 1914. Mkataba huo umekuwa ukikazwa kila balaa linapotokea. Januari 2012 meli ya kitalii Costa Concordia iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, na watu 32 wakafa. Mamia ya abiria waliopanda siku ileile walikuwa hawajafanya zoezi la dharura, kwa sababu kanuni za wakati ule ziliruhusu lisubiri hadi saa 24. Leo zoezi hilo lazima lifanyike kabla meli haijaondoka au mara tu inapoondoka. Ukipanda meli ya namna hiyo, usilikwepe zoezi kwenda kupiga picha.

Sasa tazama kwetu. Meli ya abiria MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996 na kuua mamia ya watu. Kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018, kikiwa na watu zaidi ya mara mbili ya 101 kilichotengenezewa kubeba, na zaidi ya 220 wakafa. Hayo ni ya Tanzania, lakini maji ni yaleyale, na miezi miwili baadaye ikawa zamu yetu. Ziwa hili lina ukubwa wa kilomita za mraba 68,800 hivi, na mazoea yetu hayalipunguzi hata kidogo.

“Mimi najua kuogelea, jaketi la nini?”

Tarehe 24 Novemba 2018, MV Templar ilipinduka karibu na ufuo wa Mutima, wilaya ya Mukono. Ilikuwa boti ya starehe, muziki juu, vinywaji mkononi. Zaidi ya watu 30 walikufa. Serikali ilisema boti haikuwa na leseni wala bima, na ilikuwa imebeba watu kupita uwezo wake. Polisi walieleza kwamba majaketi ya kuokolea maisha yalikuwemo, ila wengi hawakuyavaa. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote: vifaa vilikuwepo.

Kuogelea kwenye bwawa la hoteli si sawa na kutumbukia ziwani usiku, umevaa jinzi na viatu, mawimbi yanakupiga usoni na mtu asiyejua kuogelea amekushika shingo. Pombe nayo hulegeza viungo na kumfanya mtu ajione shujaa. Na usidhani utapata nafasi ya kulivaa jaketi boti ikianza kulalia upande. Watu wakicheza sitaha ya juu, uzito wote unapanda juu na boti inakosa utulivu. Likija wimbi kubwa au maji yakiingia, wote hukimbilia upande mmoja, na kinachofuata ni sekunde chache tu.

Kwa hiyo vaa ukiwa bado gatini, na ulikague. Tazama kama mikanda na vifungo vyote vipo, si vya kufungafunga kwa kamba. Bonyeza sponji la ndani: likiwa limekauka na kupasukapasuka, au limelowa maji na kuwa zito, rudisha uombe jingine. Ukishafunga, mwambie mwenzio ashike mabegani na kulivuta juu. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa kwako, nalo litakutoka ukiwa ndani ya maji. Mtoto apewe jaketi la mtoto lenye mkanda wa kupita katikati ya miguu. Kama hakuna la saizi yake, yeye hasafiri, na kwa maoni yangu hata wewe usisafiri.

Hata kama nahodha atakuona mtu wa usumbufu, muulize pia boti imeruhusiwa kubeba wangapi, kisha hesabu vichwa. Tangu mwaka 2021 tuna sheria ya usafiri wa majini inayodai leseni. Kuuliza ni haki yako.

“Jioni hii kweupe, hakuna mvua”

Anga nyeupe ya jioni haisemi lolote kuhusu saa tisa za usiku. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, upepo huvuma kutoka ziwani, na mvua za ngurumo za alasiri hunyesha kwetu huku bara. Usiku mambo hugeuka: nchi kavu hupoa, pepo za kutoka kila upande wa ziwa hukutana katikati yake, hewa hupanda, na dhoruba kali huumbika juu ya maji kati ya usiku na alfajiri. Wavuvi wanalijua hili kwa gharama ya maisha ya wenzao. Ndiyo maana naona safari ya starehe inayorudi usiku wa manane ni kosa tangu inapopangwa, hata boti iwe nzima namna gani. Nenda asubuhi, rudi kabla jua halijazama, au lala kisiwani. Wanaokwenda visiwa vya Ssese wana feri ya MV Kalangala, inayotoka Nakiwogo, Entebbe, mchana na kutoka Lutoboka, huko visiwani, asubuhi, na kuingoja kwake hakugharimu chochote ila subira.

“Hatari kubwa ni mamba na viboko”

Kwenye boti za watalii kutoka Paraa, kwenye Mto Nile, kwenda chini ya Maporomoko ya Murchison, utawaona kwa wingi, na ukikaa ndani ya boti bila kuning’iniza mikono nje huna la kuogopa sana. Kiboko ni hatari ya kweli kwa mwenye mtumbwi mdogo na kwa anayetembea ukingoni jioni.

“Melini kuna daktari, na nina sanitaiza mkononi”

Hawa ni wale wa meli kubwa. Virusi vya norovirasi, vinavyoleta kutapika na kuhara kwa siku moja hadi tatu, huenea haraka mahali watu wanapokula pamoja na kushika vyuma vilevile vya ngazi. Dawa ya kupaka yenye spiriti haiviwezi vizuri. Sabuni na maji yanayotiririka ndiyo kinga, hasa kabla ya chakula na baada ya choo. Mwaka 2020 meli ya kitalii Diamond Princess, ikiwa imewekwa karantini Yokohama, Japani, ilionyesha jinsi maradhi ya njia ya hewa yanavyotembea melini: kati ya watu 3,711, zaidi ya 700 walithibitishwa kuwa na korona.

Daktari yupo, ndiyo, ila zahanati ya meli si hospitali ya rufaa. Mwenye mshtuko wa moyo hutulizwa hapo, kisha hushushwa bandari inayofuata au huchukuliwa kwa helikopta, na malipo ni juu yake. Bima nyingi za nyumbani haziishughulikii gharama hiyo, basi soma mstari wa kuhamishwa mgonjwa kabla hujalipa tiketi. Dawa zako za presha au kisukari zitie kwenye mkoba wa mkononi, na ziwe za siku nyingi kuliko za safari. Pia nchi nyingi humdai anayetoka Uganda kadi ya homa ya manjano. Chanjo huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchomwa, na tangu 2016 cheti chake kinatambuliwa maisha yote.

“Kichocho ni cha wavuvi”

Hii ndiyo dhana inayowapata watu wa mjini kuliko zote, maana ugonjwa wenyewe hautoi ishara palepale. Vijidudu vya kichocho hutoka kwa konokono wadogo wa majini, huogelea hadi kwenye ngozi na kupenya bila kidonda chochote. Havijali kama wewe ni mvuvi au mhasibu. Ziwa Victoria, Ziwa Albert na Mto Nile vyote vinavyo. Penye matete na maji yaliyotulia ufuoni, hasa jua likiwa kali, ndipo hatari inapozidi. Katikati, penye kina kirefu, hupungua sana. Maji kuwa maangavu si ushahidi wa chochote, na kujifuta haraka kwa taulo si kinga ya kutegemea. Hata bafu la kisiwani linalovuta maji ya ziwa moja kwa moja linaambukiza, isipokuwa maji hayo yamepashwa moto vizuri au yamekaa tangini siku moja hadi mbili.

Wapo wanaomeza prazikwanteli, dawa ya kichocho, asubuhi ya safari wakidhani wamejikinga. Dawa hiyo huua minyoo iliyokomaa, na minyoo michanga huiponyoka. Nenda kapime na kutibiwa wiki sita hadi nane baada ya kuogelea. Ukipata homa, kikohozi na kuwashwa kabla ya hapo, usikubali kuandikiwa dawa ya malaria peke yake bila vipimo: mwambie daktari uliogelea wapi na lini, kwa sababu kliniki nyingi za mjini hazitafikiria kukuuliza.