Asilimia tatu zako ni za jua

Kuendesha mara moja programu iliyojengwa na kompaila (chombo kinachogeuza msimbo kuwa maelekezo ya prosesa) ya zamani na mara moja iliyojengwa na ile yenye uboreshaji mpya, ukaona kasi imeongezeka 3%, ukashangilia: hapo hujapima kompaila. Umeangalia saa tu. Nimechoka kulisema.

Usahihi kwanza: majaribio yote yapite, na programu ya kupimia ikaguliwe kwa -fsanitize=undefined, swichi ya kompaila inayonasa msimbo ambao kanuni za lugha hazisemi ufanye nini. Hilo halina mjadala.

Joto nalo. Oktoba hapa Dodoma, chumba cha bati, saa nane mchana, prosesa ikichemka hujipunguzia kasi yenyewe. Ukipima ya zamani asubuhi na mpya baada ya ugali, umepima jua. Chomeka chaja, zima Turbo Boost, ile kasi ya ziada ya muda ya prosesa za Intel (kwenye Linux, andika 1 kwenye /sys/devices/system/cpu/intel_pstate/no_turbo), ifungie programu kwenye kiini kimoja cha prosesa kwa amri ya taskset, kisha pishanisha: zamani, mpya, zamani, mpya, mara 30 kila moja. Chukua namba ya katikati, siyo ile iliyokufurahisha.

Sasa linalonikera hasa. Uboreshaji ukiongeza baiti chache kwenye fanksheni moja, zinazofuata zote zinasogea. Kitanzi (kipande cha msimbo kinachojirudia) kilichokuwa kimetulia ndani ya mstari mmoja wa kache, kumbukumbu ndogo ya haraka ya prosesa, baiti 64, sasa kimekatika kikakalia miwili. Kasi imebadilika, na uboreshaji wako haujakigusa kitanzi hicho hata kidogo! Mwaka 2009 mtafiti Mytkowicz na wenzake walionyesha kwamba kubadili ukubwa wa vigeu vya mazingira (taarifa kama jina la mtumiaji ambazo mfumo huipa kila programu), au mfuatano wa faili wakati wa kuunganisha, kunatosha kugeuza jibu la kama -O3, ngazi ya juu ya uboreshaji, inaishinda -O2 iliyo chini yake. Yaani urefu wa jina lako la kuingilia unaweza kukupa ushindi. Kwa hiyo jenga kila upande mara kumi, kila mara ukichanganya mfuatano wa faili za .o, vile vipande vinavyounganishwa kuwa programu. Faida ikibaki upande uleule, nitakusikiliza. Ikiruka kutoka +4% hadi -2%, hiyo ni bahati nasibu.

Hata hivyo, faida ya 1% mimi bado huiamini nusunusu. Amri ya perf stat, inayohesabu maelekezo yaliyotekelezwa na prosesa, husaidia, ila maelekezo machache si lazima yawe kasi zaidi. Mwisho huwa nafungua objdump -d, inayoonyesha maelekezo yenyewe ya prosesa, na kulinganisha fanksheni inayokula muda mwingi, zamani na mpya. Ukikuta maelekezo ni yaleyale, moja baada ya jingine, zimebadilika anwani tu, hebu niambie hizo 3% zimetoka wapi.