Kukata V katikati ya kucha hakuzuii kucha kuzama

Wengi huamini kwamba kucha ya kidole gumba cha mguu ikizama kwenye nyama, ukiikata alama ya V katikati ya ncha, kingo zitajivuta kuziba pengo. Wazo linaingia akilini. Ila kucha huota kutoka kwenye shina lake, chini ya ngozi ya nyuma. Sehemu tunayoiona ni mfu, haina habari na mkasi.

Unaweza kupima mwenyewe kwenye kucha yenye afya, isiyozama: kwaruza kidogo kwa tupa alama mbili karibu na shina, kulia na kushoto, upime umbali kati yake. Baada ya mwezi zitakuwa zimesogea mbele kama milimita 1.5, kwa umbali uleule, hata ukikata V.

Kucha ikianza kuzama, loweka mguu kwenye maji ya uvuguvugu dakika 15 hadi 20, mara 3 kwa siku. Kausha, inua ukingo taratibu, pachika kipande kidogo cha pamba safi chini yake, ukibadilishe kila siku. Kata kwa mstari ulionyooka, usichimbe pembe: kipande chenye ncha kali kinachobaki ndani ndicho huchoma nyama kucha inaposonga. Vaa viatu visivyobana. Kukiwa na usaha au wekundu unaosambaa, nenda hospitali. Mwenye kisukari asisubiri hata hayo.