Je, wajua? Kwa nini boliti ya 10 hutobolewa tundu la 8.5

Juzi nilikuwa kwa mafundi wa jua kali pale Kibuye, Kisumu, nikingojea bamba la kushikilia mota ya kinu cha posho. Kijana aliyekuwa akilitengeneza alitoboa tundu la milimita 8, akaingiza tapu (kifaa cha kuchonga mapindi ndani ya tundu) ya boliti ya 10, akaanza kuzungusha. Mizunguko ya kwanza ilikwenda vizuri. Kisha tapu ikagoma. Akaegemea mpini kwa nguvu zaidi, na mara tukasikia "ta!" Kipande kikabaki ndani ya chuma.

"Nilitaka ishike sana, mzee," akaniambia.

Nilimwelewa. Inaonekana ni jambo la wazi kwamba tundu likibana, boliti itashika zaidi. Lakini sivyo chuma kinavyofanya kazi.

Tapu haisukumi boliti ndani ya tundu. Inachonga hesi, yale mapindi ambayo mafundi wengi huyaita thredi, kwenye ukuta wa tundu. Boliti ya M10 ya kawaida, yaani ya milimita 10 katika mfumo wa metriki, ina upana wa milimita 10 kwenye vilele vya hesi, na kama 8.2 kwenye mabonde yake. Ukitoboa tundu la 10, boliti itapita tu, haina pa kushika. Ukitoboa 8, umeacha chuma kingi kuliko nafasi iliyo kati ya meno ya tapu. Chenga, yaani vipande vya chuma kinachochongwa, hukosa pa kwenda, tapu hubanwa hadi kwenye kiini chake, na kwa kuwa ni chuma kigumu sana, haipindi. Inakatika. Kuitoa ni taabu tupu, maana biti ya kawaida haiwezi kuitoboa.

Chukua nati yoyote ya M10, uipime tundu lake kwa vania (kipimo chenye taya cha kupimia upana). Utapata baina ya 8.4 na 8.7. Hata kiwandani hawajazi hesi yote! Tundu la 8.5 huipa hesi takriban asilimia 77 ya kina chake kamili, na hiyo yatosha. Kanuni ya siku nyingi ya mafundi mitambo ni kwamba kutoka asilimia 75 hadi 100 unaongeza uimara kwa kama asilimia 5 tu, ilhali nguvu ya kuzungusha tapu inakuwa kama mara tatu. Kwa chuma cha pua cha unene wa kutosha, boliti yenyewe itakatika kabla hesi za tundu hazijang'oka.

Hesabu yake ni nyepesi: chukua upana wa boliti, utoe hatua ya hesi, yaani umbali wa kutoka kilele kimoja hadi kinachofuata. M10 yenye hatua ya 1.5 ni 8.5. M6 yenye hatua ya 1 ni 5. M8 ina hatua ya 1.25, kwa hiyo ni 6.75, na biti inayouzwa ni ya 6.8. M12 yenye hatua ya 1.75 hutobolewa 10.2.

Lakini usikariri namba hizi ukasahau hatua, kwa sababu kuna M10 ya hatua ya 1.25 pia, nayo inataka 8.8. Hujui hatua ya boliti uliyo nayo? Weka rula juu yake, hesabu nafasi kumi za hesi. Zikifika milimita 15, hatua ni 1.5.

Mashine kuukuu za Uingereza zina mambo yake. Nyingi zina hesi za Whitworth, mfumo uliopendekezwa na Joseph Whitworth mwaka 1841, wenye pembe ya digrii 55 badala ya 60 za metriki. Hapo gawanya 25.4 kwa idadi ya hesi katika inchi moja, upate hatua. Nusu inchi ya Whitworth ina hesi 12, hatua yake ni kama 2.1, na tundu lake ni 10.5.

Yule kijana alitoboa tundu jipya kando, 8.5 safari hii. Alitia mafuta, akawa anazungusha nusu mzunguko mbele na robo nyuma ili chenga zikatike. Tapu ilishuka hadi mwisho, na mpini aliushika kwa vidole tu.