Farasi asiyekohoa anapotupa mimba

Wafugaji huniuliza sana: inakuwaje farasi jike mwenye afya, anayekula vizuri, hana homa wala makamasi, atupe mimba ya miezi tisa usiku mmoja? Mara nyingi jibu linaanzia puani, wiki kadhaa nyuma.

Virusi vya herpesi vya farasi vinavyotusumbua zaidi ni viwili, EHV-1 na EHV-4. Vinafanana kiasi kwamba hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 vilihesabiwa kuwa kirusi kimoja. EHV-4 kwa kawaida huishia kwenye njia ya hewa: watoto wa farasi wanapata homa, makamasi na kikohozi, kisha wanapona.

EHV-1 nacho huanzia kwenye njia ya hewa, ila hakitulii. Ndani ya siku moja au mbili kimeshafika kwenye tezi za limfu na kuingia ndani ya seli nyeupe za damu. Humo kinasafiri kama mhalifu aliyejificha ndani ya gari la polisi. Kingamwili zinazoelea kwenye damu hazikigusi. Seli hizo zikifika kwenye mji wa mimba, kirusi huhamia kwenye kuta za mishipa midogo. Mishipa inavimba, damu inaganda ndani yake, kondo la nyuma linabanduka na mtoto anakosa hewa. Wakati mwingine anakufa hata kabla kirusi chenyewe hakijamfikia.

Kwa hiyo mtoto hutoka akiwa bado hajaanza kuoza, mara nyingi angali ndani ya utando wake. Ukimpasua, tazama ini: madoa madogo meupe, kama yapo, yanatia shaka kubwa. Mapafu huwa mazito, na kifuani hukaa maji ya rangi ya manjano.

EHV-1 hicho hicho kinaweza pia kushambulia mishipa ya uti wa mgongo, farasi akayumba na hata kushindwa kusimama. Mwaka 2021 mlipuko wa namna hiyo ulianzia kwenye mashindano ya Valencia, Hispania, na farasi waliporudi makwao kirusi kikasambaa nchi kadhaa za Ulaya.

Farasi aliyepona hubaki nacho maisha yake yote, kimelala kwenye neva na kwenye seli nyeupe. Safari ndefu au msongo wa kuhamishwa zizi huweza kukiamsha, na ndiyo sababu ugonjwa hutokea hata pale ambapo hakuna farasi mgeni aliyeingia.

Chanjo ya mwezi wa tano, wa saba na wa tisa wa mimba naisisitiza, ingawa haizuii kila tukio. Jike akitupa mimba, nakusihi usimburute mtoto uani. Vaa glavu, mtie yeye na kondo kwenye mifuko miwili isiyovuja, upeleke maabara, umwage dawa ya kuua vijidudu pale alipoangukia. Mtenge mama. Majike wenzake wenye mimba wasitoke zizini mwao hadi majibu yarudi.